Dole Gumba Ndani ya Tofali

Kila asubuhi Benita alianza siku yake kwa kupiga kelele. Usidhani alikuwa mtoto mkorofi, hapana. Babu yake, Mzee Athanase, alikuwa amepungukiwa masikio, na ukitaka akusikie ilikubidi umsogelee upande wa kulia, ujaze kifua pumzi, kisha useme neno lako kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Babu, mwakeye, habari za asubuhi! Uji tayari!"

Na Babu naye, kwa kuwa hakujisikia, alijibu kwa sauti ileile. Majirani wote wa ule upande wa mlima walijua siku ambayo uji wa Mzee Athanase ulikosa sukari. Walicheka, naye akiwaona wanacheka alicheka pamoja nao, maana hakuwa mtu wa kununa.

Waliishi wawili tu, katika kijiji kimoja cha Muyama, huku juu Kasulu, ambako ukungu hauondoki mpaka watoto wawe wameshaingia darasani. Baba yake Benita hakumjua. Mama yake, Marguerite, alifariki kwa homa Benita akiwa na miaka kumi. Picha pekee ya mama, ile ya siku ya kipaimara, ililiwa na mchwa ndani ya sanduku. Benita alikuta imebaki pembe moja na vumbi. Tangu siku hiyo sura ya mama ilianza kumpotea kidogo kidogo, na jambo hilo lilimtisha sana. Kitu alichokikumbuka vizuri ni dole gumba la mama la mkono wa kulia. Lilikuwa na kovu la mshazari, alilolipata utotoni akimenya muhogo. Kwa dole lile mama alikuwa akimfuta machozi.

Babu alikuwa mwashi. Nyumba nyingi za matofali pale kijijini zilipita mikononi mwake. Sasa kuna jambo moja la uashi ambalo ni lazima ulijue, la sivyo hadithi hii hutaielewa. Tofali lililoiva vizuri kwenye tanuri ukiligonga kwa jingine hulia kama kengele ndogo. Lile ambalo halikuiva, lililokaa pembeni mbali na moto, hutoa sauti butu, bu, kama boga. Kwa macho yanaweza kufanana kabisa, lakini lisiloiva likipigwa na mvua hulainika na kumomonyoka. Mwashi huyagonga yote kabla ya kuyajenga. Babu masikio yalipomwisha, kazi ya kugonga akampa Benita.

"Wewe ndiye masikio yangu," alimwambia. "Ukisema linalia, najenga. Ukisema halilii, natupa. Sitakuuliza mara mbili."

Benita aliipenda kazi hiyo. Alijisikia mtu mkubwa.

Mwezi wa Novemba, mwaka 1996, radi ilipiga dohani ya zahanati ya misheni. Dohani ni lile bomba refu la matofali linalochukua moshi wa jikoni na kuutupa juu ya paa. Nusu ya juu ilipasuka na kumwagika uani. Jiko likajaa moshi, na mpishi, Mama Ange, akahamishia moto nje, chini ya turubai lililovuja.

Haikuwa shida ndogo, jamani. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na vita, na akina mama walikuwa wanafika zahanati wakiwa wametembea kwa miguu, wengine wajawazito waliokaribia siku zao. Mama Ange ndiye aliyewachemshia maji ya chumba cha uzazi na kuwapikia uji. Jina lake hasa lilikuwa Pelagia. Yeye mwenyewe aliletwa Tanzania mgongoni mwa mama yake, akikimbia vita vingine vya zamani, na kila alipomwona mama mgeni anaingia getini alisema, "Karibu dada, maji ya moto yapo." Sasa alikuwa akisema hivyo huku akipuliza kuni zilizolowa, macho mekundu. Ange, binti yake, alikaa dawati moja na Benita darasa la tano, na hakuna aliyewaona wakitembea mbalimbali.

Sista Maximilla, msimamizi wa zahanati, alimwita Babu. Babu alizunguka lile rundo la matofali, akainama, akaokota moja, akalipangusa.

"Sista!" alisema kwa sauti yake ya kusikika mpaka sokoni. "Dohani hii niliijenga mimi, nikiwa kijana! Na matofali tuliyafyatua wenyewe, mimi na marehemu mke wangu. Na Marguerite alikuwepo, mdogo kama huyu Benita. Kazi yake ilikuwa kuchota maji, lakini mwishoni alinisumbua mpaka nikamwachia afyatue machache. Kila mmoja wetu alibonyeza dole gumba katikati ya tofali likiwa bado bichi. Tazama, hili ni langu."

Katikati ya tofali kulikuwa na kishimo kipana cha dole. Benita alisogea, akakitazama kwa karibu. Kama la Babu lipo, la mama nalo lipo.

Kazi ilianza. Kila akitoka shule Benita alikaa kwenye rundo na nyundo ndogo, akibandua udongo wa zamani, akigonga, akitenga. Yaliyolia aliyaweka kulia, na mabovu, yale ambayo radi iliyapasua kwa ndani yasilie tena, akayatupa nyuma ya jiko. Na kwa kila tofali alitafuta kishimo. Alikuta vya Babu, alikuta vya bibi. Vidogo vya mtoto alivikuta viwili, lakini matofali yake yalikuwa yamepasuka vipande na dole limekatika katikati.

Siku ya mwisho, chini kabisa ya rundo, alipata tofali zima. Kishimo kilikuwa kidogo na chembamba, na ndani yake, kutoka pembe hadi pembe, ulipita mstari wa mshazari. Ni kovu la muhogo! Benita aliingiza dole lake gumba humo. Lilitosha sawasawa.

Alilia kimyakimya, akiwa amepiga magoti matopeni. Kisha akaligonga lile tofali, likalia vizuri kuliko yote. Lilipaswa kwenda kulia. Badala yake alilifunga ndani ya kanga, akalificha kwenye kikapu cha kuni.

"Unafanya nini huko?" Ange aliuliza kutoka mlangoni mwa jiko.

"Nakusanya kuni."

Jioni ile wingu zito lilikuwa limeshashuka milimani. Babu alikuwa juu ya jukwaa la miti, akimalizia kona iliyo juu kidogo ya paa, mahali ambapo dohani hubeba uzito wake wote. Alinyoosha mkono.

"Lete moja la mwisho la kona!"

Benita aligeuka. Upande wa kulia vilikuwa vimebaki vipande tu vya kujazia. Babu alikuwa amelipima rundo zima kwa jicho, akajua yatatosha, na kweli yangetosha. Tofali zima lililolia lilikuwa moja, nalo lilikuwa ndani ya kikapu. Matone ya mvua yakaanza kudondoka. Benita alikimbia nyuma ya jiko, akaokota moja kati ya mabovu, lenye pembe nzuri na rangi ya kupendeza, akampandishia Babu.

"Umeligonga?" Babu aliuliza.

"Nimeligonga, Babu! Linalia!"

Hakuuliza mara mbili. Alipaka udongo, akalilaza, akaligongagonga kwa mpini wa mwiko, akaendelea kupanda.

Dohani ilipokamilika, Mama Ange aliwasha moto na moshi ukapanda wima angani. Alipiga vigelegele, akamshika Babu mikono wakacheza pale uani, wagonjwa wakichungulia madirishani. Sista Maximilla alisema, "Mzee Athanase, mikono yako haijazeeka." Babu alicheka mpaka akakohoa. Benita alisimama kando na kikapu chake. Alitaka kufurahi kama wengine, lakini kila mara macho yake yalirudi kwenye ile kona.

Nyumbani alilificha tofali chini ya kitanda. Kila akirudi kutoka shule alilitoa, akaweka dole lake ndani ya dole la mama, akamsimulia mambo ya siku ile. Sitamlaumu kwa hilo. Mtoto aliyefiwa na mama ana haki ya kumtamani. Lakini mvua nayo ilikuwa inanyesha, kila siku, na lile bovu huko juu lilikuwa linakunywa maji.

Asubuhi moja, wakiwa kwenye somo la hesabu, walisikia kishindo kutoka upande wa misheni. Kisha ukelele. Ange aliitambua sauti kabla ya mtu mwingine yeyote. Alitupa kalamu, akatoka mbio, na Benita nyuma yake.

Kona ilikuwa imemomonyoka. Dohani iliinama, ikavunja paa, ikaangukia jikoni. Sufuria kubwa la maji ya kuchemka lilipinduka, na Mama Ange alikuwa amesimama kando yake. Walimkuta ameshatolewa nje, amelazwa kwenye mkeka, ngozi ya mkono wa kulia imechubuka kutoka begani hadi vidoleni. Hakulia. Alikuwa anatetemeka tu na kuuliza, "Yule mama wa chumba cha uzazi, amepata maji?"

Alipelekwa hospitali mjini Kasulu kwa gari la misheni. Alirudi kabla ya Krismasi, mkono umefungwa bendeji. Mganga alisema utapona, ila ngozi imejikunja na kiwiko hakitanyooka tena. Kubeba sufuria kubwa, basi.

Maneno yakazagaa kijijini. Dukani, kisimani, hata nje ya kanisa, watu walisema mzee yule asingepewa kazi. Hasikii, haoni, anajenga kwa kubahatisha. Na kwa kuwa walijua hasikii, wengine waliyasema mbele yake. Lakini uso wa mtu anayekusema vibaya hauhitaji masikio. Babu alielewa yote.

Hakumlaumu mtu. Aliuosha mwiko wake, akaukausha, akaupaka mafuta, akauchomeka juu kwenye boriti, mahali panapowekwa mundu uliokatika. "Masikio yalitangulia," alisema, na kwa mara ya kwanza alisema polepole. "Sasa na mikono imefuata." Tangu siku hiyo alikaa kibarazani akitazama ukungu. Uji aliuacha ukapoa, hata ule wenye sukari.

Ange alihama dawati. Siku moja Benita alimfuata kisimani, akamshikia ndoo amsaidie.

"Niachie!" Ange alisema. "Mama hawezi hata kujifunga kitenge. Babu yako angekaa nyumbani na uziwi wake!"

Benita alifungua mdomo. Alitaka kusema: si Babu, ni mimi. Badala yake aliiachia ndoo. Alibaki amesimama na mikono mitupu, Ange akipanda kilima na ndoo yake peke yake.

Alipofika nyumbani hakuketi. Alivuta tofali kutoka chini ya kitanda, akalipeleka kibarazani na kanga yake, akapiga magoti mbele ya Babu. Jua la alasiri lilikuwa limetoka kidogo, majirani walikuwa wanaanika maharage, watoto wanacheza njiani.

"Babu," alinong'ona, "ni mimi niliyekudanganya."

Babu aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Unasemaje, mwana wanje, mwanangu?"

"Nilikudanganya."

"Sikusikii. Sema kwa nguvu."

Hapo ndipo Benita alipoelewa kwamba kosa lake halikuwa na njia ya kusemwa kwa siri. Mtu mwingine angemnong'oneza babu yake, wakayamaliza wawili, mlango umefungwa. Yeye hakuwa na babu wa namna hiyo. Alitazama majirani. Alitazama njia, akamwona Ange akirudi kisimani kwa mara ya pili. Alitamani ardhi ipasuke. Kisha akajaza kifua pumzi kama kila asubuhi.

"Babu! Tofali la kona halikulia! Nilikudanganya! Lililolia nililiiba, kwa sababu lina dole la mama! Mama Ange ameungua kwa sababu yangu! Si wewe, Babu! Ni mimi!"

Mlima mzima ulisikia. Mikono ilisimama juu ya maharage. Njiani, ndoo ya Ange iligusa ardhi.

Babu alifungua kanga. Alipitisha kidole kwenye ule mstari wa mshazari, tena na tena, na mabega yake yakaanza kutikisika. Benita hakuwahi kumwona Babu akilia, hata siku ya mazishi. Walilia wote wawili, tofali likiwa katikati yao.

"Marguerite," Babu alisema. "Mwanangu." Halafu akamtazama mjukuu wake, na macho yake hayakuwa na hasira, ila yalikuwa na maumivu. "Ungeniambia siku ile, ningeteremka. Ningeacha kona wazi mpaka nipate tofali jingine, hata kwa kubomoa la kwenye jiko letu. Ulifikiri mimi simkumbuki?"

Benita alilisogeza tofali mapajani mwa Babu.

Walikwenda kwa Mama Ange jioni ileile. Benita alisema yote tena, safari hii kwa sauti ya kawaida. Mama Ange alisikiliza hadi mwisho, mkono wake umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Umeniumiza, Benita," alisema. "Sitakudanganya kwamba hukuniumiza. Mkono huu ndio niliolelea watoto wa watu." Alitazama ndoo tupu iliyokuwa mlangoni. "Lakini umekuja mwenyewe. Kesho njoo, unichotee maji."

Alikwenda kesho yake, na siku zilizofuata. Ange alimpokea ndoo mlangoni, akarudi ndani.

Sista Maximilla aliposikia, alimpigia magoti Babu na kumwomba radhi kwa niaba ya vinywa vingi, kisha akamwomba ajenge upya. Babu aliushusha mwiko kutoka kwenye boriti. Msimu wa kuchoma tanuri ulikuwa mbali, hivyo majirani, wale wale waliosema, walileta matofali yaliyobaki kwenye nyumba zao. Wengine walishindwa kumtazama machoni.

Safari hii Babu hakumpa Benita kazi ya kugonga. Aligonga mwenyewe, akiweka kila tofali kwenye mfupa wa taya na kufumba macho, akijaribu kuhisi mlio. Kazi ilikwenda polepole mno. Benita alikoroga udongo wa kichuguu na chokaa, akimtazama, na hakuna fimbo ambayo ingemchapa vile.

Walipofika kwenye kona ileile, Benita akiwa ameleta lile tofali la mama ndani ya kanga, Sista Maximilla alisema karibu na sikio la Babu, "Mzee, hili moja mwachie mtoto. Tutatafuta lingine."

Babu alimgeukia Benita. "Hili ni la dohani, si letu. Lakini Sista amekupa. Unasemaje?"

Benita alilikumbatia. Alitazama jikoni, ambako Mama Ange alikuwa anajaribu kukata kuni kwa mkono wa kushoto.

"Liwekwe, Babu!"

"Basi ligonge."

Alishtuka. Babu alikuwa amemnyooshea tofali jingine la kugongea, akisubiri. Benita aligonga, mlio ukatoka mwembamba na safi, lakini Babu hakuusikia. Alikuwa anamtazama usoni tu.

"Linalia, Babu!"

"Haya," Babu alisema, akalipokea.

Hakuuliza mara mbili. Alililaza kwenye kona, kishimo kikiwa juu, kisha akamwita Benita apande jukwaani.

"Sikiliza, mwana wanje. Wewe ulidhani mama yako alibonyeza dole lake ili litazamwe. Hapana. Tunabonyeza ili udongo upate mahali pa kuingia na kushika. Likikaa chini ya kitanda ni kumbukumbu tu. Likikaa hapa linafanya kazi aliyolifyatulia, na mengine yake yapo huko chini, radi haikuyaweza." Alimshika bega. "Na masikio yangu, mimi sikuhitaji yawe makali. Nilihitaji yawe ya kweli. Mwashi asiyesikia anaweza kujenga, akiwa na mtu wa kumwambia ukweli. Akidanganywa, hata mwenye masikio mazima dohani yake itaanguka, na itamwangukia asiye na kosa. Usisahau mkono wa Mama Ange."

"Sitasahau, Babu!"

"Haya. Muage mama yako."

Benita aliingiza dole lake ndani ya kile kishimo. Alihisi mstari wa kovu kwenye ngozi yake. Kisha akalitoa, na Babu akajaza udongo juu yake, akalaza tofali lililofuata, akalinyoosha kwa kamba.

Jioni moto uliwashwa na moshi ukapanda. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama mgeni aliingia getini akiwa ameshika kiuno, na Mama Ange akamwambia, "Karibu dada, maji ya moto yapo." Sufuria lilikuwa zito. Benita alishika mpini mmoja. Alipotazama upande wa pili, aliona Ange ameshashika mwingine, na wakalinyanyua pamoja.